Impreza WRX ya 2001: nifunge uyoga (filta ya hewa iliyo wazi) au nibaki na ea klina ya kiwandani?

Gia ya Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2001, toleo la GDA, ile ya macho ya duara, gia tano za mkono, injini EJ205. Nimeinunua hapa Arusha kwa mmiliki wa tatu na kwa umri wake bado ina moto. Sasa kila nikikutana na wenye Subaru, boneti zikifunguliwa najikuta mimi peke yangu ndiye nimebaki na ule mkebe mweusi wa plastiki. Wenzangu wote wana uyoga.

Kuna jamaa Kariakoo ana uyoga pamoja na bomba la alumini la inchi tatu, anataka 180,000. Anasema naongeza nguvu za farasi 20. Gari kiwandani ni farasi 250, kwa hiyo 20 si haba.

Mazingira yangu: kutoka nyumbani hadi lami ni kilomita 6 za vumbi, kwenda na kurudi kila siku. Mara mbili kwa mwezi nateremka Dar. Halafu kuna kitu sijui kama kinahusiana: gari ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) mshale wa mizunguko unapanda na kushuka kati ya 700 na 1,000, na turbo naona inachelewa kuamka. Fundi wangu anasema ni ea klina inabana, nikiweka uyoga itapumua.

Nifunge au nisifunge?

Kona Kali

Funga mkuu. Maisha mafupi. Ukiachia mafuta kwenye gia ya tatu ule mlio wa pshhhh, hata trafiki anatabasamu.

Spea za Uhakika

Mkuu njoo PM, nina uyoga orijino kutoka Japani na rangi zote zipo.

Kona Kali

Rangi zote zipo, orijino hiyo?

Boksa Mbili

Mwanzisha uzi, kabla hujatoa hiyo laki na themanini tuongee kidogo. Nimemiliki boksa mbili (Subaru za injini yenye silinda zilizolala), GC8 ya 1997, toleo la kabla ya lako, na GDA kama yako. Ile ya kwanza niliifanyia hilo unalotaka kulifanya.

Kwanza tuelewane hewa inapita wapi, maana hata mafundi wengine wanachanganya. Lile pua juu ya boneti haliingizi hewa kwenye injini. Linapuliza intakula, kile kipoza hewa ya turbo kilicholala juu ya injini, basi. Hewa inayovutwa inaingilia kimdomo kilichojificha mbele, juu ya rejeta, inakwenda kwenye mkebe ulioko kona ya upande wa dereva, inapita kwenye filta, inapita kwenye sensa ya hewa, ndipo inashika bomba la mpira linalozama chini ya menifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) mpaka kwenye turbo kule nyuma. Weka huo mpangilio kichwani, tutaurudia.

Hiyo sensa, MAF, ndiyo roho ya mjadala huu. Ndani yake kuna kiwaya kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudishia joto ndio unaoiambia kontroli boksi (kompyuta ya injini) hewa kiasi gani imeingia, na kwa hiyo imwage petroli kiasi gani. Ila sensa haipimi hewa yote. Inaonja kidogo tu ya katikati ya bomba, iliyobaki kontroli boksi inaipigia hesabu kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukibadilisha upana, hesabu yote imepinda na yenyewe haijui.

Chukua mfano tu: bomba la milimita 65 uweke la 70. Milimita tano utasema si kitu, lakini eneo la kupitisha hewa limeongezeka kwa 16%. Hewa ileile sasa inapita taratibu, sensa inasoma pungufu, petroli inamwagwa pungufu. Ukiwa unatembea kistaarabu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua na kusahihisha. Ukikanyaga mpaka chini kontroli boksi haimsikilizi tena huyo wa ekzosi, inafuata jedwali lake, na jedwali limeshadanganywa. Ongeza kwamba gari hili lilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya vituo vyetu iko chini ya hapo.

Na hapa ndipo watu wanaponasa: gari litakuwa jepesi kweli! Kiwandani huwa wanamwaga petroli ya ziada wakati wa busti (turbo inaposukuma hewa) ili kupoza moto ndani ya silinda. Ukiipunguza kidogo nguvu zinapanda. Kwa hiyo muuzaji hakudanganyi moja kwa moja, zile farasi nyingine zinatoka kwenye akiba ya usalama wa injini yako. GC8 yangu ilinipa raha ya miezi minne. Wa tano, nikipandisha mlima na abiria wanne, nikasikia sauti kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Kufungua, silinda ya nne: kile kipande cha pistoni kati ya ringi na ringi kimemeguka, saizi ya ukucha wa kidole kidogo. Bado ninacho kwenye droo.

Kona Kali

Mkuu unatisha watu. Mbona Nairobi na Dar zimejaa Subaru zenye uyoga na zinatembea?

Boksa Mbili

Zinatembea. Nyingine sensa imehamishiwa kwenye bomba lenye upana uleule wa kiwandani, hizo hazina shida kubwa. Nyingine zimeprogramiwa upya kulingana na bomba jipya, hizo ndizo zimefanywa kiume. Nyingine ziko kwenye mwezi wa tatu.

Kampuni zinazotengeneza bomba mahususi kwa WRX huwa zinazingatia upana pale inapokaa sensa, tena zinaacha kipande kilichonyooka kabla yake ili hewa isifike inazunguka-zunguka. Hilo la alumini la inchi tatu limechomelewa kwa gari lolote litakalotokea. Inchi tatu ni milimita 76, mkuu. Rudia hesabu mwenyewe.

Gia ya Tatu

Nimerudia. Nimeanza kuogopa. Na vumbi je?

Barabara ya Vumbi

Hapo nichangie mimi, nafanya kazi na magari ya safari, vumbi ndio mshahara wetu.

Filta ina kazi mbili zinazogombana, kupitisha hewa na kuzuia mchanga. Ile ya karatasi ya kiwandani inazuia vizuri sana na inabana kidogo. Ile ya pamba yenye mafuta inapitisha vizuri, lakini mafuta yakikauka inapitisha na vumbi, na ukiyazidisha yanarushwa mpaka kwenye kile kiwaya cha sensa na kukipaka. Ya sponji nayo inataka matunzo ya kila mara. Kwa kilomita 12 za vumbi kwa siku ungekuwa unaosha filta kila wiki mbili, na sijaona kijana mwenye Subaru anayefanya hivyo baada ya mwezi wa kwanza.

Kwenye gari ya turbo mchanga hausubiri kufika kwenye ringi. Unaanza na mapezi ya turbo, yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Punje zinakula ncha kama msasa.

Kipimo changu hakina gharama. Toa bomba baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na weusi wa mafuta mepesi, hiyo ni pumzi ya injini, ya kawaida. Kikitoka na rangi ya udongo wa kwenu, filta haifanyi kazi au haijakaa sawa. Kwenye mikebe ya zamani tatizo mara nyingi si karatasi, ni ukingo. Filta za bandia zina mpira mgumu, haukazi. Angalia na vile vibanio vya chuma, kimoja kikilegea vumbi linapita pembeni. Sisi tunapaka grisi nyembamba sana kwenye ukingo wa mpira.

Na tafadhali mwambie fundi wako aache kupuliza filta ya karatasi kwa kompresa ya tairi. Anatoboa vitundu ambavyo jicho halioni, halafu anakurudishia akisema mpya kabisa hii.

Jangwani Huyu

Mimi wa Dar. Kuna zile zinazoshusha filta chini ndani ya fenda, karibu na taa za ukungu, ili ivute hewa ya baridi. Kinadharia ni nzuri kuliko uyoga ndani ya boneti. Ila masika ukifika bonde la Jangwani maji yamepanda, filta iko sentimita chache juu ya lami. Injini ikivuta maji haina cha kuyafanya, maji hayabanwi kama hewa. Konrodi, ule mkono wa pistoni, inapinda palepale. Mkebe wa kiwandani unavutia juu ya rejeta, kuna sababu.

Boksa Mbili

Na wale wa Safari Rally walilijua hilo zamani. Impreza za kiwanda zilizokuja Kenya, alizoshinda nazo Colin McRae 1997 na Richard Burns 2000, zilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka juu kwa ajili ya kuvuka mito. Waliokuwa na pesa yote ya dunia walipeleka hewa juu, sisi tunaishusha kwenye fenda.

Kirinyaga Road

Boss wangu wa Arusha, salamu kutoka Nairobi. Nataka kutetea upande wa pili kidogo, kwa sababu hapa mnaongea kama intake (uyoga na bomba lake) ni dhambi.

Huku tuko karibu mita 1,700, wewe uko kama 1,400. Hewa yako iko pungufu kwa kama 15% ukilinganisha na ya Dar, yangu kama 18%. Turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili ifikishe busti ileile, na kizuizi chochote kabla ya turbo kinaumiza zaidi huku juu kuliko pwani. Kwa hivyo kufungua njia ya hewa kuna maana. Mimi nimefanya, lakini nimefanya pamoja na tuning, yaani kontroli boksi ikaprogramiwa upya, gari ikapimwa nguvu juu ya mashine ya dyno, na nililipia tuning pesa nyingi kuliko intake yenyewe. Kama hauna bajeti ya tuning, wacha intake.

Pia kabla ya kununua, pima kama mkebe wako unabana kweli. Wengi hawapimi.

Gia ya Tatu

Napimaje?

Kirinyaga Road

Ukiwa na geji ya vakuumu ndogo ni rahisi. Kama hauna, chukua ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye maji, ambao wajenzi wanatumia kupimia levo ya msingi. Ukunje kama herufi U kwenye ubao, tia maji ya rangi nusu, ncha moja unganisha kwenye bomba baada ya filta, ncha nyingine iwe wazi. Mwenzako aendeshe, wewe usome. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni karibu 1% ya presha ya hewa ya pwani, huku juu inazidi kidogo. Kila upande wa U uwe na mita nzima, ama injini itakunywa hayo maji.

Kona Kali

Mpira wa fundi mwashi kwenye WRX. Nimeipenda hii.

Pwani ya Maskati

Assalaam alaykum. Huku Oman tuna watu wengi wa Subaru na Mitsubishi Evo, na joto la kiangazi linafika 45. Naongezea la joto tu.

Uyoga ulio wazi ndani ya boneti, gari ikisimama kwenye taa, unavuta hewa iliyokwishapita kwenye rejeta. Hewa ya 60 badala ya 32 imepungua uzito kiasi cha 8%. Intakula inarudisha sehemu, si yote, na yenyewe pale juu ya injini inapikika vilevile. Ukiondoka kwa kasi hali inakuwa afadhali. Kwa hiyo wa kwenye foleni ndiye anayepoteza. Mimi nilifunga uyoga, baadaye nikautengenezea ukuta wa bati kuuzungushia, baadaye nikaufungia mfuniko juu, mwisho nikatazama nikaona nimetengeneza mkebe wa kiwandani kwa mkono wangu. Nikarudisha wa asili.

Boksa Mbili

😂 Huyu amemaliza.

Gia ya Tatu, turudi kwenye ile sailensi yako, maana wote tumeikimbia. Mshale kupanda na kushuka na turbo kuchelewa havinionyeshi mkebe unaobana. Mkebe unaobana unaonekana juu, kwenye mzunguko mkubwa. Wewe unasumbuka chini. Nakisia kuna hewa inaingia baada ya sensa bila kupimwa. Kumbuka lile bomba la mpira linalozama chini ya menifoldi: lina zaidi ya miaka ishirini, liko kwenye joto, na kila fundi aliyewahi kugusa hiyo injini amelivuta. Linapasuka upande wa chini ambao huwezi kuuona.

Fanya hivi. Toa filta, ziba bomba baada ya sensa kwa mfuniko wa PVC wa dukani uliotobolewa na kuwekwa valvu ya tairi la tubeless. Nenda kwa fundi pancha akupulizie taratibu, isizidi PSI 10. Hewa inaingia hadi tumboni mwa injini, ukizidisha utasukuma sili za mafuta nje. Nyunyiza maji ya sabuni kila kiungio. Sikiliza zaidi kuliko kutazama.

Ukiweza, tafuta kebo ya KKL, yenye chipu ya FTDI, uunganishe laptopu na programu ya RomRaider, ni ya bure. Vile vidude vya bluetooth mara nyingi havielewani na Subaru za Japani za miaka hiyo. Angalia kipimo cha A/F Learning, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroli boksi imejifunza kuongeza au kupunguza. Kikiwa karibu na sifuri, tambarare. Kikiwa juu ya 8 au 10 upande wa kuongeza, kontroli boksi inaongeza petroli muda wote kufidia hewa isiyoiona.

Gia ya Tatu (siku kumi na sita baadaye)

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, kebo ilichelewa kufika.

A/F Learning gari ikiwa sailensi: +11.7. Nikafanya ile ya PVC. Fundi pancha alinitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akavutiwa kuliko mimi. Kwa PSI 8 tukasikia mluzi lakini povu hatukuliona popote. Mtoto wake akalala chini na tochi ya simu akasema, "Baba, kunachemka huku." Upande wa chini wa bomba la mpira, kabla ya turbo, mpasuko wa urefu wa kidole cha shahada. Ukiliminya kwa mkono unafunguka kama mdomo wa samaki.

Kulitoa ilikuwa kazi ya siku mbili, maana menifoldi lazima inyanyuliwe. Lile la zamani lilikatika mikononi. Nimeweka la silikoni lenye umbo lilelile, na kwa kuwa menifoldi ilikuwa juu nikabadilisha na vimpira vyote vidogo. Filta mpya ya karatasi, ukingo nimepaka grisi kidogo kama alivyosema ndugu wa safari. Sensa nimeisafisha kwa spreyi yake maalumu, fundi alitaka kutumia ya kabureta nikamshika mkono.

Sasa hivi A/F Learning ni +1.6. Mshale umesimama 750 kama umegundishwa. Turbo inaamka mapema, nakadiria mizunguko 300 au 400 kabla ya zamani.

Na mpira wa fundi mwashi nimeutumia, mke wangu akiendesha barabara ya nje ya mji. Filta ya zamani: sentimita 31. Mpya: 22. Kwa hiyo mkebe wote, filta na kimdomo chake vinaniibia kama 2.5% tu huku juu. Hizo ndizo farasi nilizokuwa naenda kuzinunua.

Kirinyaga Road

Hizo ni data boss. 22 si mbaya kabisa. Ukitaka kupunguza zaidi bila kugusa sensa, angalia kile kimdomo cha mbele, mara nyingi kimejaa majani na nyigu.

Gia ya Tatu

Nimeangalia. Palikuwa na kiota cha nyigu kweli, cha matope, kikavu.

Kona Kali

Sawa, nguvu mmempa. Mlio je? Gari la michezo bila mlio ni teksi.

Boksa Mbili

Mlio atausikia. Pshhh inatoka kwenye valvu ya kurudisha hewa, uyoga ulikuwa unaifungulia dirisha tu. Akitaka kelele bila hatari, ekzosi ya nyuma ya katalisti. Hapo hagusi sensa ya hewa. Valvu ya kutolea hewa nje asifunge, hiyo hewa imeshapimwa, ukiimwaga nje petroli yake inabaki bila mwenza na gari inatoa moshi mweusi kila ukibadili gia.

Spea za Uhakika

Kwa hiyo mkuu uyoga hutaki tena?

Gia ya Tatu

Uyoga hapana, kiongozi. Ila kama unaweza kupata vile vibanio vya chuma vya mkebe wa ea klina wa GDA, vinne, orijino, nipigie bei. Kimoja changu kimelegea.

Spea za Uhakika

Vibanio tu?

Gia ya Tatu

Vibanio tu.